Picha ya Arobaini na Moja

Likizo ile Upesi hakusafiri. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliosha vyombo, akavaa viatu na kwenda chuo kikuu, ghorofa ya tatu, ofisini kwa shangazi yake. Jina la Upesi alipewa nyumbani, kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya polepole. Alikuwa wa kwanza kumaliza kula, wa kwanza kumaliza mtihani, na mara nyingi wa kwanza kurudishiwa daftari lililojaa alama nyekundu.

Shangazi alikuwa mtafiti wa nyota zinazolipuka. Alikuwa akifanya kazi hiyo tangu kabla Upesi hajazaliwa.

"Nyota kubwa sana ikimaliza nishati yake hujiporomokea kwa ndani, kisha hupasuka," alimweleza siku ya kwanza. "Mara chache sana, wakati huohuo, hurusha miale ya gama, mwanga mkali usioonekana kwa macho, kwa sekunde chache tu. Setilaiti huinasa, hutupa taarifa, na sisi tunaanza kukimbia."

"Mnakimbia kwenda wapi, Shangazi?"

"Hatutoki kitini, mwanangu. Tunakimbia kwa macho."

Setilaiti haikuweza kusema miale imetoka wapi hasa. Ilikuwa kama mtu aliyesikia mtoto akilia mtaani bila kujua ni nyumba gani. Kwa hiyo darubini yao, iliyokuwa mbali juu ya mlima, ilipiga picha galaksi zote za upande ule. Kila picha mpya ililinganishwa na ya zamani. Kama kulikuwa na nukta ambayo zamani haikuwapo, mtu aliandika "ipo". Kama hakukuwa na nukta mpya, aliandika "hakuna". Kompyuta ilikosea mno katika kazi hiyo, hivyo macho ya mtu yalihitajika.

Aliyemfundisha Upesi kulinganisha picha alikuwa mwanafunzi wa Shangazi, kijana mrefu mwenye subira. Wote walimwita Daktari Kesho. Kwa miaka miwili, kila alipoulizwa atamaliza lini shahada yake ya udaktari, alijibu, "Kesho."

Jumanne moja, kabla ya alfajiri, taarifa ya setilaiti ilifika. Mchana, picha sitini zilikuwa tayari. Shangazi alikuwa na kipindi cha kufundisha, na Daktari Kesho alikuwa amejiinamia chini ya meza akitengeneza kompyuta iliyogoma.

"Picha sitini," Shangazi alimwambia Upesi akimkabidhi fomu. "Usikimbizane nazo. Macho yakichoka, pumzika."

Upesi alizikagua vizuri ishirini na tatu za kwanza. Zote hakuna. Mara akasikia mluzi kutoka nje, chini ya dirisha. Alikuwa Nahodha, rafiki yake aliyeongoza timu yao ya netiboli, amekumbatia mpira.

"We! Mechi inaanza! Unataka tucheze pungufu?"

Upesi aliitazama fomu. Zote zinafanana, alijiambia. Akashika kalamu, akaandika hakuna, hakuna, hakuna, mpaka mstari wa sitini, bila kufungua hata picha moja zaidi. Daktari Kesho aliipokea fomu, akaipitishia macho, akatia sahihi chini na kuiweka kwenye faili. Jioni ile timu ya Upesi ilishinda, naye akalala fofofo.

Jumatatu iliyofuata alimkuta Shangazi amesimama mbele ya kompyuta, mkoba ukingali begani. Watafiti wa nchi nyingine walikuwa wametangaza kwamba wameona nyota iliyolipuka, upande uleule wa anga. Shangazi alifungua picha za Jumanne moja baada ya nyingine, akaishia kwenye ya arobaini na moja. Kando ya galaksi palikuwa na nukta nyeupe, kama punje ya mchele iliyodondoka juu ya kitambaa cheusi.

"Tulikuwa nayo," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza kabisa. Tungeomba darubini kubwa ielekezwe pale jioni ileile. Sasa ule mwanga wa kwanza umeshazimika, na hautarudi."

Mkuu wa idara aliingia akiwa na fomu mkononi. "Nani amekagua hizi?"

Upesi alikuwa pembeni, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alifungua mdomo, lakini alichoweza ni kupiga funda la chai.

"Sahihi ni yangu, mzee," alisema Daktari Kesho. "Kosa ni langu."

"Basi usiiguse darubini mpaka tukae tuzungumze."

Daktari Kesho aliitikia kwa kichwa. Hakumtazama Upesi hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Afadhali angemnyooshea kidole. Aliweka kikombe mezani, akatoka bila kuaga, akaenda uwanjani kumtafuta Nahodha. Alimweleza yote.

"Sasa unalia nini?" Nahodha alishangaa. "Mtu mzima ameshakubali kosa. Nyamaza tu, yaishe."

"Amekubali kosa langu," Upesi alisema. "Amebeba lawama yangu kama mzigo wake, na mimi nilikuwa pale pale nakunywa chai."

Upesi aligeuka, akarudi. Ngazi zile alizozoea kuzipanda mbili mbili, leo alizipanda moja moja. Shangazi na Daktari Kesho walikuwa bado ofisini.

"Ni mimi," alisema mlangoni, akitazama viatu vyake. "Niliishia picha ya ishirini na tatu. Nyingine niliandika tu. Nilitaka kwenda kucheza."

Alingoja kufokewa. Shangazi aliigeukia kompyuta, akairudisha picha ya ishirini na nne. Upesi alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Kaka, nisamehe," alimwambia Daktari Kesho.

"Nimekusamehe. Ila kosa langu nalo lipo palepale," alijibu yeye. "Nilitia sahihi kitu nisichokiangalia."

"Na mimi nilimpa mtoto kazi ya watu wawili," Shangazi alisema hatimaye. "Mkuu wa idara nitamweleza mwenyewe, makosa yote matatu. Upesi, vuta kiti. Picha ya ishirini na nne."

Walizikagua zote zilizobaki, siku mbili nzima. Kisha Shangazi aliwaandikia wale watafiti wa nje, akamtaka Upesi akae karibu asome kila sentensi. Barua ilisema: tuna picha ya Jumanne, hatukuiona kwa wakati kwa sababu haikukaguliwa, ingawa fomu yetu ilisema imekaguliwa. Upesi aliposoma sentensi hiyo aliona haya hadi masikio.

Jibu lilifika siku ya tatu. Hakuna mwingine aliyekuwa na picha ya mapema kama ile, nao walishukuru kwa kuipata. Ugunduzi wenyewe ulibaki kuwa wa wale watafiti wa nje. Daktari Kesho aliruhusiwa kurudi kwenye darubini, baada ya kuonywa.

Jioni ile, wakifunga madirisha ya ofisi, Upesi aliuliza, "Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Hasira zimekwisha. Lakini nisikilize." Shangazi alimshika bega. "Kuchoka si kosa, na kupenda mpira si kosa. Ungeacha mistari ile wazi, mmoja wetu angeiona akaimalizia. Ulipoandika 'hakuna', ulituambia kwamba hakuna haja ya kuangalia tena, nasi tukakuamini. Kazi yetu yote inasimama juu ya hilo, mwanangu: mtu akisema ameangalia, awe ameangalia kweli."

"Na kama hajaangalia?"

"Aseme hajaangalia. Hakuna atakayemcheka."