Aliyesukumwa Hushuka

Zilibaki tepe sita. Idrissa alizirudisha mfukoni, akamtazama Séraphin aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akinywa maji taratibu, mtulivu kabisa. Utulivu ule ulimkera. Mtu aliyemwacha mwenzake porini anapata wapi moyo wa kunywa maji namna ile?

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Klabu ya baiskeli ya Likasi ilitaka kufanya mashindano Jumapili kwenye njia ya changarawe inayokatiza milima ya hifadhi, na wao wawili walitumwa kufunga tepe nyekundu mitini ili wageni wasipotee. Walitoka mjini asubuhi, wakapita Mulungwishi, wakaacha lami. Tangu hapo ni mawe, vumbi na miinuko. Mpando wa kwanza uliwatoa jasho, wa pili ukawatoa pumzi. Sasa walikuwa chini ya mpando wa tatu, na jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Ukweli ni kwamba Idrissa hakuja kwa ajili ya tepe. Mwaka mmoja nyuma kaka yake Yunus alikuja kupima njia hii hii na Séraphin huyu huyu. Séraphin alirudi, Yunus hakurudi. Walimtafuta siku nne, wakaikuta baiskeli yake imeegemezwa mtini papa hapa chini, matairi yana upepo, chupa ya maji imejaa. Mwili hakuna. Mama yao alikataa katakata mwanawe aswaliwe bila kuoshwa, bila sanda. Asubuhi hiyo ya kufunga tepe alimshika Idrissa mkono mlangoni.

"Uniletee Yunus," alimwambia. "Hata mufupa yake moja tu. Niioshe, nimuzike, nilale."

Mjini watu walishahukumu. Séraphin kamuuza rafiki yake kwa wachawi, walisema, na si uongo kwamba tangu mwaka ule alikuwa anashinda kila mashindano, yeye mtu wa miaka arobaini na tano mwenye kitambi! Kwenye tambarare anahema, vilimani anapaa. "Iko muntu anamusukuma," walinong'ona wachimbaji wa Kamatanda wakimwona anapita. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Idrissa aliamini lipo.

Mpando wa tatu haupandiki peke yako. Changarawe yake ni legevu, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Wabeba makaa ndio waliowafundisha wengine namna ya kuupanda: mmoja anakanyaga, mwenzake anamsukuma mgongoni mpaka kileleni. Kisha aliyesukumwa anaacha baiskeli yake juu, anashuka kwa miguu, naye anamsukuma mwenzake. Aliyesukumwa hushuka. Hata watu waliogombana jana huliheshimu hilo, maana kilimani hakuna mwingine wa kukusaidia.

"Petit," Séraphin alimwita, kama wakubwa wanavyowaita wadogo zao, "tufunge tepe hapa chini, turudie mujini. Jua inaisha."

"Njia inapita juu, vieux, muzee wangu. Weye unaogopa nini?"

Séraphin aliifunga chupa yake ya maji. Alitazama juu, akatazama mti ule ilipokutwa baiskeli ya Yunus.

"Basi kila muntu akokote velo yake na miguu. Sisukumi, sisukumwi. Na kama unasikia mukono mugongoni... unyamaze."

Akatangulia. Idrissa alibaki akifunga tepe, damu inamchemka. Unyamaze! Mwenye hatia siku zote anataka wengine wanyamaze. Alipoinua kichwa, Séraphin alikuwa ameshapotea kwenye kona, na mwendo ule haukuwa wa mtu anayekokota baiskeli kwenye mwinuko. Idrissa akapanda baiskeli yake kwa hasira, akakanyaga amfuate.

Gurudumu la nyuma likazunguka bure mara moja, mara mbili.

Halafu likakamata.

Mkono.

Ulikuwa katikati ya mabega yake, kiganja kizima, na ulimsukuma kwa upole. Nyuma yake changarawe ikalia. Krash... krash... krash... Hatua za mtu asiye na haraka. Ikaja harufu ya gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, ile iliyokuwa haitoki vidoleni mwa Yunus hata akiosha kwa sabuni ya unga.

"Kanyaga, petit," sauti ikanong'ona. "Kanyaga tu."

Ndivyo Yunus alivyomfundisha kuendesha baiskeli, kwa maneno hayo hayo. Machozi yakamtoka, na hakuona haya. Alikanyaga huku analia mpaka kileleni. Hapo mkono ukaondoka.

Aligeuka. Njia ilikuwa tupu. Lakini kule chini, kando ya mti, palikuwa na baiskeli, na mtu amesimama karibu nayo anangoja. Baiskeli ile Idrissa aliijua. Yeye mwenyewe aliirudisha nyumbani mwaka jana, akaitundika ukutani, na asubuhi aliiacha hapo hapo.

Pale kileleni Séraphin alikuwa amekaa chini, uso ameufunika kwa mikono.

"Umemusikia," alisema.

"Njo weye ulimuuza yaya wangu Yunus!"

"Sikumuuza muntu!" Séraphin aliinua uso. "Alinisukuma mpaka hapa. Mvua ilikuwa inakuya. Nikasema, nishuke tena? Yunus iko na nguvu, atapanda. Nikaenda. Njo ile kosa yangu, petit, na Mungu anaijua. Kesho yake nilirudia hapa. Nikasikia ananiita kule chini, nikashuka nusu..."

"Na vile unashinda kila course?"

"Ni yeye ananisukuma. Kila mupando, hata kule Likasi. Anataka nishuke. Sishuki. Yule haiko Yunus, unanisikia? Anajua sauti yake tu."

Idrissa alimtazama kwa chuki. Mwoga amwache mwenzake, apokee msukumo wake mwaka mzima, ajikusanyie vikombe, kisha aseme huyo si yeye! Uongo gani mzuri kuliko huo kwa mtu asiyetaka kulipa?

Kutoka chini sauti ikapanda, nyembamba, imechoka.

"Idri... nimechoka kungoja..."

"Muulize kitu," Séraphin alimkamata shati. "Kitu Yunus peke yake alikuwa anajua. Umuulize kwanza, mbele ya kumugusa."

Idrissa akajinasua, akaiacha baiskeli yake juu, akashuka kwa miguu.

Mtu yule alikuwa ameshakaa kwenye baiskeli alipofika, amempa mgongo. Shati ni lile la njano. Mabega ni yale yale. Idrissa alisimama. Swali alikuwa nalo. Wakiwa wadogo Yunus aliwahi kuvunja redio ya baba, wakaapa wasimwambie mtu mpaka kufa. Angeuliza tu, nani alivunja redio?

Hakuuliza. Nitawaambia kwa nini, maana watu wamemlaumu sana. Aliogopa kwamba hatajibiwa, na kwamba atalazimika kurudi kwa mama yake mikono mitupu mara ya pili.

Akaweka kiganja mgongoni. Shati lilikuwa limelowa, na chini yake palikuwa baridi. Akasukuma. Uzito ule haukuwa wa mtu mmoja, lakini alisukuma akianguka na kuinuka mpaka magoti yakachubuka, anasoma dua zote anazozijua. Karibu na kilele dua zikaanza kumchanganya, akazikosea moja baada ya nyingine.

Walipofika juu, Séraphin hakuwepo, wala baiskeli yake. Baiskeli aliyokuwa anaisukuma haikuwepo pia, mikono yake ilikuwa inasukuma hewa. Lakini alipopanda yake ili arudi, matairi yakabonyea, na kwenye shingo yake pumzi ikapiga taratibu.

"Twende nyumbani, yaya," Idrissa alisema. Alikuwa na furaha, jamani. Furaha ya kweli.

Njia ya mwendo wa saa nne aliimaliza kabla waadhini wa Likasi hawajamaliza adhana ya isha. Mpaka leo haelewi namna gani. Umeme ulikuwa umekatika mtaani. Mama yake alisikia breki, akafungua mlango, simu mkononi inamulika.

"Mama, nimemuleta."

Mama aliinua taa ya simu, akatazama nyuma ya bega la mwanawe. Uso wake ukafunguka, mikono ikanyooka mbele, jina la Yunus likafika midomoni.

Halikutoka.

Macho yake yakaanza kusogea polepole, yakifuata kitu kilichompita Idrissa, kikampita na yeye mwenyewe, kikavuka kizingiti. Simu ikamwanguka.

"Idrissa..." alinong'ona gizani. "Huyu umemuingiza ndani ni nani?"

Sebuleni, mtu akavuta kiti.