Jina Langu Kwenye Amri ya Mahakama

"Ludo, nishike vizuri, wanakuja!" Mariève aliniambia, akaukaza mkono wake ndani ya wangu.

Tulikuwa watu kumi na wanane tumeziba mlango wa darasa, mkono kwa mkono, kila mmoja na kipande chake cha kitambaa chekundu, alama ya wagomaji, kimebanwa kifuani kwa pini. Ilikuwa wiki ya kumi na moja ya mgomo. Serikali ya Quebec ilikuwa imetangaza kwamba ada ya chuo kikuu itapanda kwa robo tatu, sisi tukasema haipandi, na jiji zima la Montreal likagawanyika. Kuna nyumba watu walikuwa hawapitishiani chumvi mezani.

Mariève Thibodeau alikuwa mpenzi wangu, mwaka wa pili sasa tangu tuanze. Tulisomea ualimu darasa moja. Msichana mfupi, sauti kubwa, akicheka ghorofa ya juu unamsikia ukiwa chini. Nilimpenda mpaka nilikuwa najionea aibu. Na hiyo ilikuwa aibu ndogo, subirini.

Waliokuja walikuwa watatu. Mlinzi wa chuo, Profesa Bérubé mwenye somo lake, na mwanamume wa makamo aliyevaa koti la mvua, bahasha mkononi. Tarishi wa mahakama.

"Habari za asubuhi, vijana," alisema yule tarishi.

"Zilikuwa nzuri mpaka ulipofika," Mariève akamjibu. Wenzetu wakaangua kicheko.

"Binti, mimi nimetumwa tu."

"Na sisi tumetumwa na mkutano mkuu wa wanafunzi. Haya soma, tunakusikiliza."

Nilijua kilichokuwa ndani ya ile bahasha. Siku zile wanafunzi waliotaka kusoma walikuwa wanakwenda mahakamani mmoja mmoja, hakimu anaamuru darasa lifunguliwe. Mimi nilikuwa nimekwenda Jumanne, kimyakimya. Kwa ujinga wangu nilidhani ile amri itapelekwa ofisini, mlango utafunguliwa, na hakuna atakayeuliza nani aliomba.

Tarishi akavaa miwani.

"Mahakama inaamuru kipindi hiki kifundishwe kama kilivyopangwa, na mtu yeyote asimzuie mwombaji kuingia. Mwombaji ni..." Akaisogeza karatasi mbali na macho. "Arsenault. Ludovic Arsenault. Yupo hapa?"

Jamani, ningepata shimo ningeingia mwenyewe nikajifukia.

"Nani?" Mariève aliuliza. "Hebu soma tena."

"Ludovic Arsenault, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho."

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu. Sikusikia akiutoa. Nilisikia tu baridi pale ulipokuwa.

"Ludo, waambie wamekosea jina."

Nikatazama viatu vya tarishi.

"Waambie!"

"Mariève, nisikilize kwanza..."

"Loh!" alidakia Gaspard, yule mchekeshaji wa darasa, ila safari hii hakuwa anacheka. "Kumbe tunalinda mlango pamoja na mwizi!"

"Kijana, unaingia au huingii?" tarishi aliniuliza. "Amri ni yako. Mimi miguu inaniuma."

Mariève ndiye aliyejibu. Alijibu bila kunitazama.

"Anaingia. Mpisheni. Mpisheni mwenye darasa lake."

Wakanipisha. Nikapita katikati yao na kile kitambaa chekundu kifuani, hata kukivua sikukumbuka.

Ndani kulikuwa na viti arobaini, vyote vitupu.

"Kaa popote," alisema Profesa Bérubé. "Nafasi hazijawahi kuwa nyingi hivi."

"Profesa, samahani sana, mimi..."

"Sheria inaniambia nifundishe. Haijaniambia nipige soga na wewe."

Akafundisha saa tatu nzima jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma. Kila akimaliza sehemu anauliza, "Kuna swali?" na macho yake yanapita kwenye vile viti vitupu, kimoja kimoja, mimi ananiruka. Gaspard alibandika karatasi kwenye kioo cha mlango: UMEJIUZA BEI GANI? Wenzangu walikuwa wanachungulia kwa zamu. Nilimtafuta Mariève kwenye kile kioo, hakuwepo. Sikuandika hata neno moja la lile somo nililolipigania mahakamani.

Mchana simu ikalia. Ujumbe wa Mariève.

"Ulikwenda mahakamani lini?"

"Jumanne," nikaandika.

"Jumanne uliniambia unampeleka mama yako kliniki."

"Ndiyo."

"Huko mahakamani ulivaa kitambaa?"

Ningeweza kudanganya, nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka.

"Nilikivua nikakitia mfukoni. Nilipotoka nikakivaa tena."

"Mungu wangu, Ludo."

Baada ya hapo nilipiga simu mara tisa. Haikupokelewa.

Kesho yake nikaenda kwake Villeray. Alikuwa amepanga ghorofa ya pili, ngazi za chuma ziko nje kama nyumba zote za mtaa ule. Nilipokanyaga ngazi ya kwanza tu, akatokea juu.

"Usipande! Ongea ukiwa hapohapo."

Jirani yake wa chini, Bi Pelletier, alikuwa kibarazani anamwagilia maua yaliyokufa tangu msimu wa baridi.

"Mariève, nilifanya kwa ajili yetu. Ile shule ya Laval wamesema nikimaliza Juni wananiajiri. Nisipomaliza, nafasi anapewa mwingine."

"Kwa ajili yetu? Mimi nilikutuma?"

"Hapana."

"Basi usinitumbukize kwenye bahasha yako. Mkutano wa kwanza ulinyoosha mkono, ndiyo. Wa pili, ndiyo. Wa tatu ulikuwa wa kwanza kunyoosha! Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Mwenzetu Coralie anapiga kura ya hapana kila mkutano, mbele ya wote. Jana nimekunywa naye kahawa. Kuna mtu amemla Coralie?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, kupigwa?"

"Niliogopa wewe utanionaje."

Akashika chuma cha ngazi, akainama kunitazama.

"Na sasa hivi unadhani nakuonaje?"

Maji ya Bi Pelletier yalikuwa yameisha, na bado alikuwa ameinamisha kopo.

"Mjibu mwenzio, kijana," alisema.

"Sijui," nikasema.

"Basi nitakwambia mimi," alisema Mariève, na sauti yake kubwa ikakatika. "Namwona mtu niliyemshika mkono wiki kumi na moja na simjui. Nenda Ludo. Usinipigie."

Mlango ukafungwa. Nikarudi kwa miguu mpaka kwetu, mwendo wa saa nzima, kwa sababu kwenye basi la kule kila mtu alikuwa na kitambaa chekundu au anakitukana, na mimi nisingejua nikae upande upi.

Mama alikuwa ananisubiri jikoni, hata koti la kazi hajavua. Alikuwa mpishi hospitalini. Habari zilikuwa zimeshamfikia, tena kabla ya chakula cha mchana.

"Ni kweli?"

"Kweli, mama."

"Tabenakulo!"

Sisi watu wa Quebec tukikasirika tunataja vyombo vya kanisani. Mama alivitaja kimoja baada ya kingine mpaka altare ikabaki tupu. Alipomaliza akavuta kiti.

"Mimi bajeti imenikata siku mbili za kazi. Unajua?"

"Najua."

"Jikoni tulikuwa saba, tumebaki wanne. Supu ya wagonjwa inapoa kabla haijafika vitandani. Kila wiki wanatuambia serikali haina hela, kazeni mikanda. Umesikia nimekwenda kwa hakimu kumshitaki mwenzangu Huguette ili nipewe siku zake?"

"Hapana, mama."

"Halafu unanisingizia kliniki! Mimi mzima wa afya, nabeba sufuria za lita arobaini!"

"Nisamehe."

"Mimi nimekuzaa, nimeshakusamehe kabla hujafungua mlango. Msamaha wangu haukusaidii kitu. Nenda kaseme palepale ulipodanganya."

"Mkutanoni? Mama, kule kuna watu karibu mia tano!"

"Ulipodanganya walikuwa wangapi?"

Akainuka, akanipakulia maharage, nikala nimeinamisha uso.

Mkutano mkuu ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, ukumbi wa michezo. Hoja ilikuwa moja tu, mgomo uendelee au usiendelee. Kwenye mikutano yetu kulikuwa na vipaza sauti viwili, kimoja cha wanaounga mkono, kimoja cha wanaopinga, na watu wanapanga foleni. Foleni ya kuunga mkono ilifika hadi mlangoni. Ya kupinga ilikuwa na watu watano. Nikawa wa sita.

Minong'ono ikaanza. "Ndiye yule." "Yule wa mahakamani." "Ana uso gani!" Mariève alikuwa mmoja wa wahesabu kura, amesimama ukutani na penseli na karatasi. Aliponiona akageuza macho.

"Upande wa kupinga, dakika mbili," alisema mwenyekiti. "Jina si lazima."

"Nataka kulitaja," nikasema. "Naitwa Ludovic Arsenault."

Zomeazomea zikapanda hadi kwenye dari. Mwenyekiti akagonga meza mara nne.

"Mwacheni aseme! Dakika zake zinahesabiwa!"

Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaikunja bila kuisoma.

"Mimi nilipiga kura ya ndiyo mara tatu mbele yenu, na mara zote tatu moyoni ilikuwa hapana. Siyo kwamba ada ikipanda ni sawa. Ni dhuluma, naamini hivyo hata leo. Lakini kuna kazi nimeahidiwa na naogopa kuipoteza. Nilipaswa kuyasema haya hapa. Badala yake nikaja nikawashika mikono, nikaenda kuyasema kwa hakimu. Asubuhi ya leo nimekwenda kuiondoa ile amri. Darasa likifunguliwa, lifunguliwe na ninyi. Nawaomba radhi. Profesa Bérubé nimeshamwandikia."

"Kwa nini hukusema toka mwanzo?" Gaspard alipiga kelele kutoka katikati ya ukumbi.

Dakika zangu zilikuwa hazijaisha, kwa bahati mbaya.

"Kwa sababu kuna mtu humu nilitaka anione shujaa."

Wengine wakacheka. Wengine wakageuka kumtazama Mariève. Akawa mwekundu hadi masikioni, na mimi nikajua nimemwaibisha tena, nikiwa namtaka radhi.

Kura zikaanza. Ndiyo kwanza, mikono ikawa msitu. Halafu hapana. Nikanyoosha wangu. Mhesabu wa safu yetu alikuwa yeye. Akaja taratibu, ananyooshea penseli mkono mmoja mmoja huku midomo inahesabu. Alipofika kwangu penseli ikasimama. Nilidhani ataniruka kama Profesa alivyoniruka. Nusu yangu ilitaka aniruke.

"Na wewe," akasema kwa sauti ya chini, akaandika.

Mgomo ukaendelea, kwa kura nyingi mno. Watu walishangilia, nikatoka kupitia mlango wa nyuma, nikasimama kwenye ngazi za saruji mahali wanaposhushia mizigo. Si muda mlango ukafunguliwa.

"Kura za hapana ni hamsini na tatu," alisema Mariève. "Ya kwako imo. Kazi ya Laval imekwenda, unajua?"

"Najua. Nimeshawapigia."

Alikuwa bado ameshika penseli. Tulitazama magari yakipita.

"Samahani kwa yale ya kwenye kipaza sauti," nikasema. "Sikutaka wakutazame."

"Wamenitazama. Basi." Akavuta pumzi. "Unajua kinachoniuma ni nini? Siyo hakimu. Ukifikiri ni hakimu, hujanielewa bado."

"Niambie."

"Mimi nimekuwa naogopa kila asubuhi, Ludo. Naogopa muhula kufutwa. Naogopa polisi na yale mabomu yao ya machozi. Baba amesema hanilipii tena chumba, sijamwambia mtu. Nikifika pale mlangoni natamani kurudi nyumbani. Halafu nakuangalia wewe, umetulia tuli, najiambia kama Ludo haogopi, mimi ni nani? Najikaza. Kumbe na wewe ulikuwa unatetemeka palepale kando yangu! Wiki kumi na moja! Ulininyima mtu wa kuogopa naye."

Aibu ya mlangoni, ya darasani, ya mbele ya ule umati, zote nilikuwa nimeanza kuzizoea. Hii ilikuwa mpya. Ilinishuka hadi miguuni nikakaa chini bila kupenda, nikaufunika uso kwa mikono miwili, nikalia. Sikulia kwa sababu ya kazi.

Aliniacha nilie. Hakunishika.

"Umenisamehe?" niliuliza nilipoweza.

"Sijakusamehe. Tena usiniharakishe."

"Sawa."

"Na ukisema tena ulifanya kwa ajili yetu, nakusukuma kwenye hizi ngazi."

"Sisemi."

"Sogea."

Nikasogea. Akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Haya," alisema. "Unaogopa nini? Taja vyote. Ukiniongopea hata kimoja, nainuka."

Nikamtajia. Nilianza na kazi, nikaenda kwa mama na zile siku zake zilizokatwa, nikamwambia naogopa kusimama mbele ya watoto wasinisikilize, nikamwambia namwogopa yeye kuliko hakimu. Ilichukua muda, kwa sababu sikuwa nimewahi kuvisema kwa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaanza kutaja vya kwake, na vilikuwa vingi kuliko vyangu.