Kizibao cha Mfagiaji

Askari wa barabarani ambaye madereva walimbandika jina la Kinyonga hakuwa na mpinzani katika kujigeuza. Wiki hii mwendawazimu mwenye gunia, wiki ijayo mama mjamzito anayesubiri usafiri. Ndani ya gunia, au chini ya lile tumbo la matambara, alificha tochi, kifaa cha kupima mwendo wa magari. Dereva akipita anachanja mbuga, Kinyonga alimsomea mwenzake, Sajini, namba ya gari kwenye redio ya mkononi, na kilomita moja mbele Sajini akamdaka. Madereva walimlaani. Yeye alicheka mpaka jino la mwisho.

Nguo za kazi hiyo alizitoa stoo ya vielelezo, pale kituoni. Kesi ikifungwa, nguo za mwizi au za marehemu aliziona ni zake. Asubuhi hiyo alichomoa kizibao cha rangi ya chungwa.

"Afande, hicho ni cha yule mama mfagiaji aliyegongwa mteremkoni," mtunza stoo alimwambia.

"Kwani atakuja kukidai?"

Jeuri tu. Alijua vizuri kilikuwa cha nani, na alijua nani alimgonga. Mwezi mmoja nyuma, shemeji yake, kaka wa mkewe, aliegesha gari nyuma ya jengo wanaloishi Kinyonga na mkewe, kioo kimepasuka, nywele zimenasa kwenye bampa. Mkewe alipiga magoti. "Ni ndugu yangu pekee, mume wangu." Kinyonga akaliosha bampa kwa mikono yake mwenyewe, na faili likafungwa: dereva hajulikani.

Saa sita mchana alikuwa mteremkoni akifagia, tochi kaificha kwenye toroli la taka. Magari mawili yalipita kwa adabu. Kisha barabara ikawa tupu, na tochi ikalia.

Mia moja thelathini na moja.

Aliinua kichwa. Hakuna gari. Hata baiskeli hakuna. Akaipiga tochi kibao kidogo, tunavyofanya kwa redio mbovu. Ndipo upepo wenye harufu ya tairi linaloungua ulipompiga, na mguu wake wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Aliusikia. Akauona mfupa ukitokeza kwenye suruali.

"Sajini," alinong'ona redioni. "Nimegongwa."

"Na nani? Hakuna gari lililofika huku."

Tochi ikalia tena. Mia moja thelathini na moja. Mbavu zikavunjika mfululizo. Akarushwa juu, akatua kwa uso. Meno mawili yalibaki kwenye lami. Alikivuta kizibao akivue. Hakikuvulika.

Fagio lilianza kufagia. Taratibu. Hakuna aliyelishika. Liliyazoa yale meno, likayasogeza vizuri ukingoni mwa barabara.

"Mtaje," ilisema sauti ya mwanamke aliyechoka, sikioni kwake.

"Mama, nisamehe. Nina mke. Huyo ni damu yake."

"Mtaje."

Akilini alimwona mkewe amepiga magoti. Alimpenda mwanamke yule, hilo sitamnyima. Akauma midomo. Tochi ikaanza kulia mara ya tatu, na safari hii kilichobaki kuvunjwa kilikuwa kichwa.

Akabonyeza redio. Akamtaja shemeji yake, jina la kwanza mpaka la ukoo.

Tochi ikanyamaza. Fagio likaanguka. Kinyonga alilia kwa furaha ya kubaki hai, na aibu ikamjaa papo hapo.

Jioni mkewe aliingia wodini. Gauni lake lilikuwa na damu iliyokauka mpaka magotini.

"Wamemkamata?" Kinyonga aliuliza.

Mkewe hakukaa. Alisimama mwisho wa kitanda, akaongea polepole. Saa sita kaka yake alikuwa kwao, ghorofa ya tatu, amekaa kwenye kochi la sebuleni. Yeye alikwenda jikoni kumletea maji. Akasikia kishindo kilichotikisa vyombo. Aliporudi, kaka yake alikuwa amegandamizwa ukutani, kifua kimebonyea, uso umejaa vipande vya kioo. Madirisha yote yalikuwa mazima. Sakafuni kulikuwa na alama za matairi, mistari miwili myeusi, kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili.

"Nimesugua tangu mchana," alisema. "Hazitoki."

"Mke wangu..."

"Kabla ya kile kishindo, kuna mtu alimwita kutoka mlangoni. Jina lake lote." Alimwinamia, akanong'ona. "Ilikuwa sauti yako. Akaitika, 'Naam, shemeji.' Alifurahi, akainuka kukufungulia."