Mkalimani wa Bi Mwanapili

Kila alasiri, Mwalimu Ayoub alipokuwa akisomesha Kiingereza katika skuli ya Uroa, Thuwaiba alipita nyuma ya madarasa na kushika njia ya pwani yenye mahoteli. Huko aliwasalimia wageni, akawauliza majina yao na nchi watokazo, kisha maneno yakamwishia.

"Leo pia huingii darasani?" Nassra, jirani yake, alimuuliza.

"Nyie kaeni na vitabu vyenu. Mie nnazungumza na wazungu wenyewe!"

"Unazungumza, au unachekacheka tu?"

Nyumbani hakuna aliyemtilia shaka. Bibi yake, Bi Mwanapili, mkulima wa mwani, alimsifu mtaa mzima kwa Kiingereza chake.

Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, bibi alichomwa unyayo na kijiti cha kufungia kamba za mwani. Kidonda kikakataa kupona. Siku hizo madaktari wa kigeni walifika kijijini kutibu watu. Mkalimani wao alikuwa na foleni ndefu, naye Bi Mwanapili akasema kwa fahari, "Mie simhitaji. Nna wangu."

Daktari alimpima damu, akakunja uso, akasema maneno mengi. Thuwaiba hakuambulia kitu. Aliwaona majirani wakimtazama. Akaitikia kwa kichwa.

"Kasemaje, mjukuu wangu?"

"Kasema si kitu, bibi. Kioshe kwa maji ya chumvi, kitapona."

Bibi akaendelea kufunga, na akaendelea kuingia baharini kwenye mwani wake. Kabla ya sikukuu, vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekuwa vyeusi. Alipelekwa hospitali ya mjini, vikakatwa.

"Bi Mwanapili, una maradhi ya sukari," alisema Daktari Mahfoudh. "Mwenye sukari na kidonda kama hiki hafungi, wala haingii baharini. Hukuambiwa?"

"Nilipimwa kulekule kwetu. Mjukuu wangu alinifasiria."

Thuwaiba aliangua kilio. "Sikufahamu hata neno moja! Darasa la Kiingereza nalikimbia kila siku. Niliona haya."

Bibi aliugeuzia uso wake ukutani. Akasema, "Ungenambia hujui, ningemngoja mkalimani. Sikuwa na haraka."

Daktari hakumbembeleza msichana. "Kutojua Kiingereza si kosa, wengi hawakijui. Kosa lako ni kulikimbia darasa lililo mlangoni pako, kisha ukajitia mjuzi mbele ya mgonjwa. Lugha ya pili hupatikana kwa kuketi na kujifunza. Asiyetaka kuketi, basi na awe mkweli."

Kidonda kilipona. Thuwaiba alirudi kwa Mwalimu Ayoub, na safari hii hakukosa hata kipindi kimoja. Bi Mwanapili alijifunza kutembea kwa mkongojo. Baharini hakurudi tena.

Siku ya mwisho ya kukaguliwa mguu, msichana aliuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, kujifunza kwangu sasa kutamfaa nini bibi?"

"Bibi yako hakutamrudishia vidole," alijibu Daktari Mahfoudh. "Kutamfaa mgonjwa mwingine. Kwa ajili yake, nenda kajifunze."