Maji ya Kitanda cha Tatu

Shuka la kitanda cha tatu lilibadilishwa saa nane mchana. Robo saa baadaye lilikuwa na matone ya maji yanayonuka ugoro. Nesi Lukresia aliyaona, akalitoa shuka tena. Angemwambia nani, na mwenye maji anamjua?

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika Bariadi, Mzee Jilala wa Nkoma, mnusa ugoro, alilazwa kitanda hicho, chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali. Alikuwa amemlaani binti yake Milembe kwa kuolewa bila ng'ombe, na laana hiyo angeifuta yeye tu, kwa kumpulizia binti maji kutoka mdomoni. Alimshika Lukresia mkono.

"Ng'wanawane, mwanangu, siku zangu zikiisha usinifiche. Nimwite Milembe."

Lukresia akaahidi. Lakini Mahona, mtoto wa kiume wa mzee, alimfuata koridoni akilia, akidai baba akiambiwa atakufa kwa hofu. Huruma ikamponza nesi wa watu. Mzee alipouliza, akamjibu, "Kesho unatoka, baba."

Alikufa jioni ileile, kikombe cha maji mkononi. Mazishi yalipopita ndipo Lukresia akasikia kwamba Mahona hakutaka dada yake arudi kugawana ng'ombe. Jamani, machozi yale yote! Lukresia aliumia, akajiona mjinga.

Tangu hapo, kila aliyelazwa kitanda kile alisikia mtu akisukutua maji mchana kweupe, kisha harufu ya ugoro ikapanda kutoka chini ya godoro, kisha pumzi nzito ikamsogelea shavuni ikiuliza kesho ni lini, mpaka wagonjwa wakaomba kulala sakafuni, na mchungaji aliyeitwa kuombea akatoka kola imelowa.

Mwisho Milembe akaja mwenyewe. Alikuwa ameshazika watoto wawili.

"Nesi, baba aliniita?" akauliza kwa sauti ya chini.

Uongo ulikuwa karibu, tena mtamu. Lukresia akaumeza.

"Alikuita. Nilimwahidi kumwambia siku zake zikiisha. Mahona akanililia, na mimi ndiye niliyemficha."

Milembe alimtazama sana. "Mahona namjua tangu utoto. Wewe ulimwahidi." Akajifunga khanga, akaondoka.

Kitanda cha tatu kikakauka siku hiyohiyo, wala hakikulowa tena. Wauguzi wakamshukuru Mungu. Lukresia akarudi kwake jua likiwa bado juu, akafungua mlango, akakuta nyumba nzima inanuka ugoro. Jikoni mtu alikuwa anasukutua maji, taratibu, kama mwenyeji.

"Ng'wanawane," sauti ikamwambia, "nimetoka."