Wimbo wa Nzomo na Kidonda cha Mama

Ndugu zangu, nyumba ya Mama Kavindu kule Katelembo ilikuwa na amani. Kuku walidonoa uani, mama akichambua maharagwe, na mwanawe Nzomo akipiga gitaa la besi barazani. Alianzia kanisani, kisha akachukuliwa na bendi ya Nairobi ya progresivu metali, ule muziki mzito ambao wimbo mmoja huchukua dakika kumi na mdundo hubadilika kabla hujaushika. Mama alijivunia mwanawe sana.

Kisha kiharusi kikamlaza mama kitandani, upande mmoja umepooza. Binti yake Mutindi alikuwa kibarua kiwandani Athi River.

"Wewe enda kazi," Nzomo akamwambia. "Mimi niko hapa nikirekodi albamu. Nitamtunza mwaitu, mama yetu."

Mutindi akaamini. Wewe usingeamini? Kila alipopiga simu aliambiwa mama yuko sawa.

Jumamosi moja akafika bila kuarifu. Harufu ilimpokea mlangoni. Mama alikuwa amelalia mkojo na mavi yaliyokauka, midomo imepasuka, nzi wakitambaa machoni pake. Mutindi alipomgeuza aliona kidonda mgongoni, kipana kama kiganja, na ndani yake funza wakijinyonganyonga. Akatapika papo hapo.

"Nimeita," mama akanong'ona. "Nimeita mpaka sauti ikaisha."

Chumba cha pili, hatua sita tu, Nzomo alikuwa ameziba masikio kwa hedifoni, akirudia kipande kilekile. Mutindi akazing'oa.

"Ngoja kidogo, Mutindi! Hii sehemu ni ngumu. Na wimbo wenyewe ni wa mwaitu. Unaitwa 'Machozi ya Mama'."

"Umeingia kwake lini?"

"Nilimpelekea uji jana. Ama juzi. Ile harufu inanichefua, siwezi."

Jamani! Harufu ya aliyemzaa ilimchefua, lakini kumtungia wimbo aliweza.

Mutindi alimwita jirani mwenye gari, wakamkimbiza mama hospitalini. Madaktari walikata nyama iliyooza, wakamwokoa. Wakati huo wimbo ulitoka, ukasifiwa, watu wasiomjua wakaandika mtandaoni kwamba wamelia. Ndipo Nzomo akaja wodini na mpiga video wa bendi.

"Mwaitu, nishike mkono kidogo tu, watu wakuone."

Mama aliuficha mkono wake mzima chini ya blanketi. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yakimtazama mwanawe.

"Mutindi," alisema, "mwambie huyo mtu nimelala."

Mutindi alishindwa hata kumtazama kaka yake. Akafungua mlango, akasimama kando, akangoja watoke.

Funzo

Msililaumu gitaa, wala aina ya muziki. Kipaji ni kizuri, lakini hakimpi mtu ruhusa ya kumwacha mzazi aoze. Ukitaka kumsifu mama yako mbele ya watu, kwanza mwoshe, mlishe, mgeuze kitandani. Nanyi mlio mbali kikazi, msiridhike na simu. Nendeni mkamwone kwa macho yenu.