Chaki Upande wa Dereva

Kila siku akitoka shuleni, Esnath alivua sweta lake la shule, akalitundika kwenye msumari na kuchukua ufagio. Gereji ya mama yake ilikuwa Lyamkena, Makambako, katika uwanja mmoja na gereji nyingine sita. Kazi ya Esnath ilikuwa kufagia, kuokota nati zilizodondoka na kuzitenga kwenye makopo, kisha kumchemshia chai Babu Elius.

Babu Elius hakuwa babu yake wa kuzaliwa. Alikuwa fundi mzee kutoka Mlangali, na miaka arobaini ya kugonga vyuma ilikuwa imeyaua masikio yake. Ukimwita, hageuki. Lakini kila jioni alimwachia Esnath kiazi kimoja cha kuchemsha, kile kikubwa, akijifanya ameshiba.

Kwa kuwa mzee hakusikia, mama yake Esnath, Fundi Modesta, hakumpa kazi kwa mdomo. Alichora alama ya chaki mahali palipoharibika, na Babu Elius alifungua hapohapo penye chaki.

Mafundi wa jirani hawakuchoka kuwasema. "Gereji ya mwanamke na kiziwi," Yohanes, mwenye gereji ya pembeni, alipenda kusema. "Amebaki kipofu tu, wafungue hospitali."

Modesta alijua kwamba jibu pekee ni gari kutoka likiwa zima.

Ijumaa moja upepo ulikuwa ukipeperusha mavumbi uwanja mzima. Likaingia gari la kijivu, refu kwenda juu, la mnunuzi wa parachichi kutoka Njombe aitwaye Efraimu.

"Kamwene, baba," Modesta alimsalimu kwa salamu ya nyumbani.

Efraimu hakuitikia. "Linanguruma mbele. Kwa mafundi wa maana kuna foleni, ndiyo maana niko hapa. Unajua magari wewe, au unajua ugali tu?"

"Tulisikilize kwanza, baba," alisema Modesta.

Alishika usukani, wakaenda barabara ya Njombe hadi kwenye kona, wakarudi. Aliposhuka, uso wake ulikuwa umetulia.

"Likikata kulia, mvumo unapanda. Likikata kushoto, unashuka. Gari likikata kulia, uzito unalalia gurudumu la kushoto, na ndilo linalolalamika. Ni beringi ya mbele kushoto."

Esnath aliijua beringi. Ni duara la chuma lenye vigololi ndani, linaloliwezesha gurudumu kuzunguka laini. Vigololi vikichakaa, gurudumu hunguruma, na ukipuuza, linaweza kukwama au kuchomoka ukiwa safarini.

Wakati huo simu ililia. Lori lilikuwa limekwama njiani na dereva wake alimtaka Modesta haraka. Alimtupia Esnath chaki. "Mchoree babu yako, mbele kushoto. Beringi mpya iko kabatini." Akaondoka.

Esnath alisimama mbele ya gari, akitazamana na taa zake. Akainua mkono asioandikia. "Kushoto," alijiambia, akachora msalaba mkubwa kwenye gurudumu lililokuwa upande wa mkono huo.

Babu Elius alipiga jeki. Alilishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Akalizungusha, akaweka kiganja juu ya springi, akafumba macho. Kisha akatikisa kichwa.

"Hili zima," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia. "Mjukuu wangu, una hakika?"

Nje ya uwanja, Telesia na wenzake walikuwa wanamsubiri Esnath wacheze rede. Esnath aliionyesha chaki kwa kidole, mara mbili, kwa ukali kidogo. Kisha akaonyesha barabara aliyoondokea mama yake. Maana yake ilikuwa: mama kasema, wewe fungua tu.

Mzee alimtazama, akainama, akafungua. Jioni Efraimu alilichukua gari lake kabla Modesta hajarudi.

Kesho yake, Jumamosi, kabla ukungu haujaondoka, gari la kijivu liliingia tena, likinguruma vilevile. Efraimu alishuka na kuubamiza mlango.

"Ninyi ni wezi," alisema. "Nimefika nusu ya njia, kelele ileile. Hamkubadilisha chochote."

Mafundi waliacha kazi, wakasogea. Hakuna aliyekuja kusaidia. Walikuja kutazama.

"Tulibadilisha, baba," alisema Modesta. "Vyuma vya zamani huwa tunavitunza." Alileta beringi iliyofungwa kwenye gazeti. Yohanes aliichukua kabla ya wengine, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka laini, bila sauti, kama iliyotoka dukani.

Yohanes alicheka hadi akashika tumbo. "Mmetoa nzima, mmeacha mbovu!"

Modesta aliyakagua magurudumu. Vumbi la barabara lilikuwa limefuta chaki, lakini nati za lile la kulia zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana. "Nilisema kushoto," alisema taratibu. "Mbona limefunguliwa la kulia?"

"Unamwagiza kiziwi, halafu unashangaa," alisema Yohanes.

"Mzee huyu hafai kugusa gari la mtu," alisema Efraimu. "Asipoondoka hapa leo, nitawaambia madereva wote wa parachichi waipite mbali gereji hii. Tuone mtakula nini."

Babu Elius aliona midomo ikitembea na vidole vikimwelekea. Alitabasamu kwa adabu. "Wanasemaje, Modesta?" aliuliza.

Watu wawili walicheka. Modesta akaonyesha gurudumu la kulia, kisha lile la kushoto, akatikisa kichwa.

Mzee akaelewa. Tabasamu likamtoka. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta spana zake moja moja na kuziweka kwenye mfuko wake wa turubai.

Esnath alikuwa amesimama kando ya makopo ya nati. Chaki ilikuwa bado mfukoni mwake, na vidole vyake vilikuwa vimeishika. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Akinyamaza, hakuna atakayejua.

Ndipo Babu Elius alipoinua macho na kumwona. Esnath alijua kwamba mzee anakumbuka kila kitu: swali lake, kidole kilichoonyesha chaki mara mbili. Kidole kimoja tu kingetosha kumsafisha. Lakini mzee hakumnyooshea kidole. Aliangalia pembeni, akaendelea kufuta spana.

Esnath akatoka pale alipokuwa, akasimama katikati ya watu wazima.

"Chaki niliichora mimi," alisema.

"Sasa wanamtanguliza mtoto abebe lawama," alisema Efraimu. "Toka hapa, wewe."

Esnath hakutoka. Alienda akasimama mbele ya gari, akitazamana na taa, akainua mkono wa kushoto kwa nguvu. "Nilisimama hivi. Kushoto kwangu ni huku. Sikukumbuka kwamba dereva anatazama kule. Babu aliniambia gurudumu hili ni zima. Aliniuliza kama nina hakika. Mimi nilitaka kwenda kucheza, nikamlazimisha."

Yohanes aliutazama mkono wa mtoto, akaulinganisha na usukani wa gari, na hakucheka tena.

Modesta alimwendea Efraimu. "Binti yangu amekosea, na mimi nimekosea zaidi. Sikurudi kulijaribu gari kabla hujalichukua. Mzee huyu peke yake ndiye aliyeujua ukweli, na hatukumsikiliza. Beringi nyingine nanunua mimi. Nipe hadi saa nane."

"Saa nane," alisema Efraimu. "Ikipita, nawaambia madereva kama nilivyosema." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakunja mikono, asimwondolee Modesta macho.

Babu Elius alipiga jeki upande wa kushoto. Safari hii alimvuta Esnath, akaweka kiganja chake kidogo juu ya springi na kulizungusha gurudumu. Esnath alihisi mkwaruzo ukipanda mkononi, kama mtu anasaga kokoto ndani ya chuma. Upande wa pili alipojaribu, mkono haukuhisi kitu.

"Sikio hudanganywa," alisema mzee kwa sauti yake kubwa. "Mkono haudanganywi."

Walitoa gurudumu, breki na sahani yake, kisha wakaitoa nyumba ya beringi. Tofauti na ile ya jana, beringi hii ilikuwa imeng'ang'ania ndani kwa kutu. Kuitoa kwa nyundo kungewachukua nusu ya siku. Hapo Yohanes, bila kumtazama mtu, alisema, "Presi yangu ya kusukumia beringi iko wazi. Itumieni, msinipotezee muda."

Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mlango wake kwao. Modesta alimshukuru, naye akajifanya hasikii.

Kwenye presi beringi mbovu ilitoka na vigololi vyake vimeliwa kama meno mabovu. Mzee aliisukuma mpya kwa duara lake la nje, polepole, kwa sababu ukisukuma duara la ndani unaiumiza kabla haijafanya kazi. Wakafunga, wakakaza, na saa nane kasorobo Modesta na Efraimu wakaenda hadi kwenye kona ya barabara ya Njombe. Waliporudi, ilisikika injini tu.

Efraimu hakushukuru wala kuaga. Lakini safari hii mlango aliufunga taratibu.

Modesta alikaa chini karibu na binti yake. Mikono yake ilinuka grisi.

"Kuanzia leo gereji hii haina kulia wala kushoto," alisema. "Ina upande wa dereva na upande wa abiria, na huo haubadiliki popote utakaposimama."

"Nisamehe, mama."

"Kwa gurudumu nimeshakusamehe. Ukikosea upande, unafungua na kufunga upya. Lakini ukimwacha mtu abebe kosa lako, hakuna spana ya kulifungua. Umesema ukiwa umechelewa, mwanangu, lakini umesema kabla mzee hajafunga mfuko wake. Mara nyingine usisubiri mtu afikie kufuta spana."

Esnath alienda kwa Babu Elius, akapiga goti, akamshika mkono. Hakuwa na namna ya kumwambia maneno, na mzee hakuyahitaji. Alizitoa spana mfukoni, moja moja, akazirudisha mahali pake.

Jumatatu jioni lilikuja gari jingine. Modesta alilijaribu, akasema, "Mbele, upande wa abiria." Mafundi wa jirani walikuwa wanatazama, wengine wakisubiri kucheka. Babu Elius alimnyooshea Esnath chaki.

Esnath aliutafuta kwanza usukani kwa macho. Kisha akazunguka, akachora alama. Hakukimbilia rede. Alisubiri mpaka mzee alipopiga jeki, akazungusha gurudumu na kuweka kiganja juu ya springi. Alimtazama usoni, akainua nyusi kumuuliza.

"Bovu!" alisema Babu Elius, na uwanja mzima ukasikia.